Wiki Mbili Bila Jibu, Usiku Bila Usingizi

Tarehe 10 Juni 2020, Daktari Denis Mukwege alitangaza kujiuzulu. Hospitali yake ya Panzi, mjini Bukavu, hakuiacha. Alichokiacha ni uongozi wa tume ya afya iliyoundwa kupambana na Covid-19 katika jimbo la Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alitaja sababu kadhaa: watu wamelegeza masharti ya kujikinga, wengine hawaamini kama ugonjwa upo, mipaka inapitika ovyo, wagonjwa wanaongezeka kwa kasi. Sababu nyingine ilihusu maabara. Sampuli zilizochukuliwa Bukavu zilipelekwa maabara ya taifa, INRB, mjini Kinshasa, umbali wa kilomita 1,500 hivi kwa ndege, na majibu yake yalichukua zaidi ya wiki mbili kurudi.

Vyombo vya habari vya nje viliandika juu ya mshindi wa Tuzo ya Nobeli aliyechoshwa na urasimu, kisha vikahamia habari nyingine. Wiki mbili zenyewe hazikuandikwa sana, na ndani yake wapo watu ambao hawakulala.

Tuseme ni muuguzi wa chumba cha dharura. Jumatatu usiku analetewa mzee anayehema kwa shida, wanawe wawili wamembana katikati yao juu ya pikipiki. Barakoa aliyovaa muuguzi ni ileile ya jana. Anamwekea mzee oksijeni, anamshika bega, anainama kumsikiliza kifua, na mzee anamkoholea usoni. Asubuhi sampuli inaanza safari yake, na muuguzi naye anarudi nyumbani. Mtoto anamkimbilia mlangoni: ambebe au asimbebe? Alale chumba kimoja na mumewe, hali nyumba nzima ina vyumba viwili? Mama mkwe mwenye kisukari amweleze nini? Maswali hayo anayajibu upya kila siku kwa wiki mbili, na kabla jibu la mzee yule halijafika amekwisha kupokea wengine wa namna ileile. Siku jibu linapotua, mzee ama amepona na kurudi kwao Bagira, ama amezikwa.

Tusiseme muuguzi huyo ana moyo dhaifu. Mwili unaongoja hatari hauruhusu usingizi mzito. Ubongo unaendelea kuagiza homoni za tahadhari zimwagwe, moyo unapiga haraka, misuli haitulii, na mtu akisinzia anashtuka kwa mlio mdogo wa bati. Hatari ikipita, hali hiyo hushuka yenyewe. Isipopita, na ikawa haijulikani hata kama ipo, mwili unasahau njia ya kushuka. Baada ya muda mtu hawezi kulala hata siku ya mapumziko.

Hofu yao haikuwa ya kufikirika tu. Katikati ya mwaka huohuo wa 2020, damu za wafanyakazi 359 wa Panzi zilipimwa kutafuta kingamwili za virusi vya Korona. Asilimia 41 walikuwa nazo, yaani wawili katika kila watano walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria baadaye kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa Covid-19 kati ya Januari 2020 na Mei 2021.

Uchunguzi uliosomwa sana juu ya akili za wahudumu wa afya ulitoka China mwanzoni mwa 2020. Uliwahoji watu 1,257 katika hospitali 34, wengi wao mjini Wuhan. Nusu walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 34 walikuwa na dalili za kukosa usingizi. Walioumia zaidi walikuwa wauguzi, wanawake, na wale waliosimama mbele kabisa kwa mgonjwa. Wote hao, tusisahau, walikuwa watu wenye mishahara.

Bukavu ina usiku wa aina yake. Mji huu wa rasi na vilima juu ya Ziwa Kivu ulijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya watu wachache, na leo unabeba zaidi ya milioni moja. Mgonjwa wa dharura mara nyingi hafiki kwa gari la wagonjwa. Anafika kwa pikipiki, kwa mgongo wa ndugu, kwa teksi iliyokwama kwenye tope la Kadutu, au kwa boti kutoka kisiwa cha Idjwi akiwa amekwisha kupoteza saa nne majini. Anayempokea hakupata simu ya kumtayarisha wala karatasi ya maelezo, na mara nyingi hana mwenzake wa kushika upande wa pili wa machela. Mchana daktari anaweza kuita mwingine. Usiku, hasa katika hospitali ndogo za mitaani, yuko daktari mmoja wa gadi, yaani wa zamu ya usiku, na wauguzi wawili watatu wa kuhudumia nyumba nzima.

Halafu kuna umeme. Bwawa la Ruzizi la kwanza liko mlangoni pa mji, pale ziwa linapomimina maji yake mtoni, lakini umeme wa shirika la SNEL unakatika Bukavu kama kawaida. Kwa mtu wa nyumbani, kukatika kwa umeme ni kutafuta mshumaa. Kwa muuguzi wa wagonjwa wa Covid ilikuwa ni mashine ya kuzalisha oksijeni kunyamaza. Zile sekunde za kabla jenereta haijawaka, na mara nyingine ni dakika, kwa sababu mlinzi mwenye ufunguo amelala au mafuta yamekwisha, zinakaa mwilini. Mtu aliyezipitia mara nyingi huamka kwake usiku umeme ukikatika, hata kama hakuna mgonjwa hapo wala mashine.

Zamu ikiisha asubuhi, kazi ya pili inaanza: kutafuta usingizi mchana. Mwanga wa jua unaompiga usoni anapotoka hospitalini unaizima mwilini mwake melatonini, homoni inayouambia ubongo kwamba ni usiku. Angekuwa na chumba chenye giza na ukimya, angeweza kuudanganya mwili. Lakini nyumba nyingi za mitaa ya Kadutu, Nyamugo au Panzi ni za mbao, zimebanana, na ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Redio ya jirani, kanisa lenye spika, watoto wasiokwenda shule kwa sababu shule zimefungwa (ndivyo ilivyokuwa 2020), foleni ya madumu kwenye bomba la shirika la maji, REGIDESO. Na mama wa nyumba, hata akiwa ametoka kufufua watu usiku kucha, anahesabiwa kuwa yupo tu nyumbani. Wageni wanaingia. Chakula kinamngoja apike. Saa sita mchana anakata tamaa na kuamka, akiwa amelala saa tatu za vipandevipande, na jioni anarudi kazini.

Tangu tarehe 18 Desemba 2020 serikali iliweka amri ya kutotoka nje nchi nzima kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mhudumu wa dharura amri hiyo ilikuwa na maana ya kuondoka nyumbani mapema zaidi ili asikamatwe njiani, kumlipa mwenye pikipiki zaidi, na kubishana na askari aliyeshika karatasi yake ya kazi juu chini.

Kuhusu pesa, sitapita haraka, kwa sababu ndipo mazungumzo mengi ya afya ya akili yanapoanza kuwa ya uongo. Katika hospitali nyingi za Kongo, mfanyakazi anaishi kwa vipande vitatu: mshahara wa serikali kama jina lake limeingizwa kwenye orodha ya malipo, marupurupu ya serikali yanayoitwa prime, na prime ya hapahapa inayotokana na fedha wanazolipa wagonjwa. Wapo wanaofanya kazi miaka mingi bila jina lao kuwemo kwenye orodha, na hao wanategemea kile kipande cha tatu peke yake. Covid ilipoingia, watu waliogopa hospitali. Mwenye malaria alijitibu nyumbani, mwenye ngiri aliahirisha upasuaji. Sanduku la hospitali likapungua, na prime ikapungua nalo. Wakati huohuo mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa, na familia nyingi za Bukavu hula kwa biashara ndogo ya kuvuka mto Ruzizi asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo nyumba ya muuguzi ilipigwa pande mbili: mapato ya hospitali yalishuka, na biashara ya mumewe au dada yake ilikufa. Huko Kinshasa, madai ya malipo ya waliowahudumia wagonjwa wa Covid yalifikia kuwa tishio la mgomo mwaka 2020.

Mtu anayehesabu kodi ya nyumba saa tisa usiku hajaugua akili. Anahesabu. Ukimpa mwanasaikolojia wa kumfundisha kupumua taratibu, umempa kitu chema, lakini kodi iko palepale. Ili aimalizie kodi hiyo, anakwenda kushika zamu nyingine katika kliniki ya pili, ambayo ndiyo inayommaliza. Waganga wanaofanya kazi sehemu mbili, usiku hapa na mchana kule, ni wengi mno mjini hapa kuliko tunavyopenda kukiri, nasi wagonjwa ndio tunaokutana nao katika saa yao ya ishirini.

Saa ya ishirini ina maana gani? Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia waliwapima watu walewale walipokaa macho, na siku nyingine walipokunywa pombe, kwa kazi ileile ya kutumia macho na mikono. Baada ya saa 17 bila kulala, mtu alikuwa mzito sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya hazimruhusu dereva kukivuka. Baada ya saa 24 alikuwa sawa na aliyefika asilimia 0.10. Mwaka 2004 hospitali moja ya Boston, Marekani, iliwalinganisha madaktari wanafunzi wa chumba cha wagonjwa mahututi. Waliopangiwa zamu za zaidi ya saa 24 walifanya makosa makubwa ya tiba kwa asilimia 36 zaidi ya wenzao waliofupishiwa zamu. Madaktari walikuwa wa aina moja, wa hospitali ileile, na dawa zilikuwa zilezile. Ratiba ndiyo iliyobadilika.

Nimeutaja utafiti huo kwa makusudi. Sisi tuna desturi ya kumsifu muuguzi asiyelala. Tunamwita shujaa, tunampigia makofi, na padri anamtaja kwenye misa. Sifa hiyo ni nusu ya tatizo. Ukishamwita mtu shujaa, ni vigumu kwake kusema amechoka, na ni rahisi kwa mkubwa wake kumwongezea zamu.

Kwa wahudumu wa Bukavu, tena, Covid haikuwa mwanzo wa lolote. Wazee wao wanaikumbuka Lemera, tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi walipouawa ndani ya hospitali aliyokuwa akiiongoza Mukwege kabla ya Panzi. Agosti 2019 Ebola ilitoka kaskazini ikafika Mwenga, ndani ya jimbo hili, na wahudumu walijifunza kuvaa zile nguo za plastiki miezi michache tu kabla ya Korona. Mei 2023 mvua iliteremsha vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, watu zaidi ya 400 wakafa, na waganga wakatumwa huko kutoka mjini. Mwezi huohuo dunia ilitangaziwa kwamba dharura ya Covid imekwisha. Kabla mwaka haujaisha, aina mpya ya virusi vya mpox ikaonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, na kufikia Agosti 2024 hospitali ya Kavumu, kilomita 30 hivi kutoka Bukavu, ilikuwa imejaa, watoto wengi wakiwa miongoni mwa wagonjwa, huku Shirika la Afya Duniani likitangaza dharura nyingine. Februari 2025 ikaja na vita: waasi wa M23 wakaingia mjini, wagonjwa wa mpox wakakimbia vituo vya matibabu, benki zikafunga milango. Tarehe 27 ya mwezi huo milipuko katika mkutano wa hadhara ikaua watu wasiopungua 11 na kujeruhi makumi. Majeruhi hao walihitaji mtu wa kuwapokea. Waliowapokea ni walewale.

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na Bukavu inautolea msemo huo ushahidi wa ajabu. Huu ndio mji ulioufundisha ulimwengu kwamba mwanamke aliyebakwa hatibiwi kwa upasuaji peke yake. Pale Panzi kila anayefika anakabidhiwa kwa mmoja wa akina mama wanaoitwa mama chérie. Mama huyo anakaa naye, anamsikiliza, anamsindikiza kwa daktari, anakula naye, anamfundisha kulala tena bila hofu. Kuna wanasaikolojia, kuna tiba ya muziki, kuna kazi za mikono. Wataalamu kutoka mabara mengine wamekuwa wakija kuona. Kandokando ya hayo upo muuguzi wa dharura aliyempokea mwanamke huyohuyo usiku wa kwanza, aliyemsafisha, aliyeyasikia maelezo yake ya kwanza kabisa kabla hayajapangwa. Yeye anamalizia zamu, anaosha mikono, anakwenda nyumbani. Nani amwite aketi? Wanaosikiliza vilio kila siku hubeba sehemu yake, hilo wanasaikolojia wamelijua kwa miaka mingi. Aliyeyatibu maumivu ya wengine kwa mikono yake anaweza kuota ndoto zao.

Huduma zipo mjini. Kituo cha SOSAME, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, kimekuwa kikiwatibu wagonjwa wa akili wa jimbo hili kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba muuguzi akionekana langoni pake, uvumi unafika kazini kabla yake. Nani atamkabidhi funguo za kabati la dawa mtu aliyeonekana SOSAME? Basi anatafuta njia za kificho. Diazepamu inauzwa dukani bila kuulizwa cheti, na muuguzi hata dukani hahitaji kwenda. Kidonge kimoja kinaleta usingizi wiki ya kwanza, baada ya wiki chache hulali bila hicho, kisha hulali hata nacho. Wengine wanapitia kwa bia ya Primus au kasiksi. Pombe inamwangusha mtu haraka, kweli, lakini inauvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku, kwa hiyo anaamka saa kumi alfajiri koo limekauka na mawazo yameketi kitandani yakimsubiri.

Mashirika yanapokumbuka jambo hili, hutuletea semina. Siku mbili hotelini, maji ya chupa, karatasi ukutani, perdiem, picha ya pamoja. Sizikatai moja kwa moja. Muuguzi akipata perdiem na usiku mmoja wa kulala hotelini, huenda huo ndio ukawa msaada mkubwa kuliko yote yaliyosemwa pale. Ila ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni pa chumba cha dharura haijawahi kubadilishwa na semina.

Yapo yanayowezekana hata kwa hospitali maskini. Daktari aliyeshika gadi asipangiwe kliniki asubuhi inayofuata. Zamu za usiku ziwekwe pamoja kwa siku chache, kisha mapumziko ya kweli, badala ya kumrusha mtu usiku mchana, usiku mchana. Kiwepo chumba kidogo chenye kitanda kimoja na pazia zito, ambamo kila mmoja kwa zamu analala dakika 20 au 30 katikati ya usiku, wenzake wakimshikia nafasi. Usingizi huo mfupi unarudisha umakini, na ukifupishwa hivyo uzito wa kichwa mtu akiamshwa ghafla hupungua. Chai kali na kahawa ya Kivu zinyweke mwanzo wa zamu, si mwishoni, maana baada ya saa tano nusu ya kafeini bado imo mwilini. Mgonjwa akifa vibaya, timu ikae dakika kumi kabla ya kuagana: nini kimetokea, nani ameguswa zaidi, nani asiende nyumbani peke yake. Hilo halihitaji mfadhili.

Na kupima kuwe jambo la kawaida kama kupima shinikizo la damu. Lipo dodoso la maswali saba linalotumika duniani kote kupima ukosefu wa usingizi, alama zake zikianzia 0 hadi 28. Anayefikisha 15 anahitaji kusaidiwa, na tiba inayopendekezwa kwanza ni mazungumzo yaliyopangwa na mazoezi ya kurekebisha mazoea ya kulala, kabla ya kidonge. Vyuo vyetu, UCB, UEA na ISTM, vinatoa kila mwaka vijana wanaoweza kufundishwa kulitumia. Wafanyakazi wote wajibu, mkurugenzi akiwa wa kwanza, na majibu yakae mikononi mwa mtu asiyehusika na kupandisha vyeo. Wakiulizwa wote kwa siku moja, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Lakini haya yote yanakaa juu ya malipo, na hapo neno langu ni kwa wanaoandika mipango ya kupambana na mlipuko unaokuja, maana utakuja. Mipango hiyo ina mstari wa barakoa, mstari wa magari, mstari wa mafuta, mstari wa mikutano. Tafuteni mstari wa mshahara wa anayekesha, uliowekewa tarehe ya kulipwa, na mstari wa mtu wa pili wa kumpokea zamu. Mkiikosa mistari hiyo miwili, msitie sahihi.